Chombo kinaenda bila mwenyewe, mbona duka lifungwe?

Kutoka Ndau kwenda Lamu mjini si safari ya kusema narudi sasa hivi. Kuna kungoja boti, kuna Mkanda usiopitika vizuri maji yakipwa, na msimu wa kusi bahari nayo ina maneno yake. Mwenye duka akienda kuchukua unga na sukari, mara nyingi hulala huko. Duka nalo linalala.

Mama mmoja alituhadithia alivyojaribu kulikwepa hilo. Alimwachia mpwa wake simu pamoja na namba ya siri, wateja waendelee kulipa. Kufika Lamu, pesa za mzigo ziko wapi? Kwenye simu, Ndau! Akaazima simu ya nahodha wa boti, akapigia laini yake mwenyewe, akaomba atumiwe pesa zake mwenyewe. Kijana, kwa haraka, akakosea tarakimu moja. Sh18,000 zikaenda kwa mtu asiyemjua, na mpaka anatusimulia hazikuwa zimerudi zote.

Sisi mpwa hatumlaumu. Alipewa funguo zote, hakupewa kazi.

Tazama vyombo vya uvuvi vya hapo hapo. Mwenye chombo anaweza kubaki nyumbani miaka na chombo kikaenda. Nahodha ana kauli yake baharini. Wakirudi, gharama za safari hutolewa kwanza, kisha ni mafungu: la chombo, la nahodha, la mabaharia. Yote hayo hujulikana kabla ya kutia maji. Dukani je? Kijana anaruhusiwa kukopesha hadi kiasi gani? Analipwa nini? Aghalabu hakuna aliyemwambia.

Kwa hivyo tenganisha. Malipo ya duka yaingie nambari ya till, si laini yako ya kupigia watu. Akaunti nyingi za biashara zinaruhusu kuongeza msaidizi, mwenye laini yake na namba yake ya siri, anayeona malipo yakiingia lakini hawezi kuzitoa. Simu yako unasafiri nayo.

Wengine hutuambia, akiona hesabu atajua faida yangu. Ajue! Baharia husimama pale pale samaki wakipimwa, na bado kesho anapanda chomboni.

Jaribu safari moja tu. Mwandikie kwenye daftari mwisho wa kukopesha, na jioni akupigie mlinganishe daftari na malipo yaliyoingia. Zisipolingana, mtajua siku hiyo hiyo, wewe ukiwa bado Lamu.