Doksi si peremende: vidonge vinne kwa ugonjwa wa vidonge kumi na vinne

Simama jioni karibu na kemisti yoyote yenye wateja wengi, iwe Kongowea, Likoni au Malindi, utasikia maombi yale yale. "Nipe doksi nne." "Nipe zile za rangi mbili, tumbo lanisumbua." Muuzaji hukata kipande cha karatasi ya vidonge, akapokea pesa, na mambo yakaisha. Mnunuzi hakuulizwa anaumwa nini wala kama ni mja mzito, na hakuambiwa dawa ile huliwa vipi.

Doksi ni doksisaiklini, antibayotiki ya jamii ya tetrasaiklini, na imekuwa ikitumika tangu miaka ya 1960. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu. Kipindupindu kinapozuka, dozi moja ya miligramu 300 kwa mtu mzima husaidia kufupisha ugonjwa, ingawa kinachookoa maisha kwanza ni maji ya chumvi na sukari au dripu. Homa ya maziwa mabichi, bruselosisi, ambayo ndugu zetu wafugaji wa Tana River wanaijua vizuri, hutibiwa kwa doksi pamoja na dawa nyingine kwa muda wa wiki sita. Klamidia, mojawapo ya magonjwa ya zinaa, hutibiwa kwa miligramu 100 mara mbili kwa siku, siku saba. Hivyo ni vidonge 14.

Sasa piga hesabu. Aliyehitaji 14 amenunua vinne. Siku ya pili anapata nafuu, anadhani amepona. Bakteria dhaifu wamekufa, wale wagumu wamebaki, na ndio wanaozaana na kuwaambukiza wengine. Hapo ndipo usugu wa dawa unapopata nafasi. Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa maambukizi ya bakteria waliokuwa sugu. Septemba 2024, mataifa yalikutana Umoja wa Mataifa, New York, yakaahidi kupunguza vifo vinavyohusishwa na usugu huo kwa asilimia 10 ifikapo 2030. Ahadi ile haitatimizwa New York. Itatimizwa au kuvunjwa pale kwenye dirisha la kemisti.

Na hata aliyenunua dozi kamili anaweza kuipoteza kwa namna anavyoila. Tetrasaiklini hushikana na madini yaliyomo katika maziwa, katika dawa za kiungulia na katika vidonge vya kuongeza damu, ikashindwa kuingia mwilini. Tetrasaiklini ya zamani huathirika sana na maziwa. Doksi huathirika kidogo zaidi, lakini vidonge vya chuma na dawa za kiungulia huiharibia kazi nayo pia. Basi iache mbali navyo kwa saa mbili au tatu, na uimeze kwa maji, si kwa chai ya maziwa.

Maji yenyewe yawe glasi nzima, kisha ukae wima nusu saa. Kidonge cha doksi kikinasa kwenye koo la chakula huunguza na kuacha kidonda. Nawakumbusha hasa wanaofunga Ramadhani. Dawa ya mara mbili kwa siku huingia vizuri kwenye futari na daku, lakini mtu akiimeza kwa funda moja la maji karibu na adhana kisha akarudi kitandani, anajitafutia maumivu ya kifua. Na aliye mgonjwa sana, dini imemruhusu kula.

Jua nalo ni jambo. Doksi huifanya ngozi iungue upesi, na sisi tuna wavuvi, wachuuzi wa ufuoni na vijana wa bodaboda wanaoshinda juani. Kofia na mikono mirefu si anasa kwao wakiwa kwenye dozi.

Mja mzito na mtoto wa chini ya miaka minane wasipewe dawa za jamii hii ila daktari ameamua, kwani zaweza kuharibu rangi ya meno na kuathiri mifupa inayokua. Iliyopitwa na wakati itupwe. Tetrasaiklini iliyoharibika imewahi kudhuru figo za watu. Na kumpa jirani vidonge vilivyobaki kwa sababu vilikufaa wewe si wema. Wahenga walisema, bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi.

Lakini sikubaliani na wanaomlaumu mgonjwa peke yake. Mama anayenunua vidonge vinne mara nyingi hana pesa za kumi na vinne. Huenda alianzia zahanati ya serikali akaambiwa dawa hakuna, nenda kanunue. Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013, na Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi ya 2023 ilitungwa ili mwananchi ahudumiwe karibu na kwake. Zahanati isiyo na doksi inamsukuma mgonjwa hadi kwa muuzaji asiyeuliza swali.

Kwa hivyo nayatazama mambo matatu. Kwanza, magavana wetu wahakikishe antibayotiki za msingi hazikosekani zahanati, na orodha ya dawa zilizopo ibandikwe mlangoni tuisome. Pili, Bodi ya Dawa na Sumu iwafuate wanaouza antibayotiki bila cheti cha daktari. Sheria ipo, na kuifunga duka moja lisilo na leseni wiki ya msako kisha kunyamaza mwaka mzima hakumsaidii mtu. Tatu, maduka ya dawa za mifugo yasisahaulike. Oksitetrasaiklini, ndugu wa doksi, hudungwa ng'ombe na mbuzi kila siku, na maziwa ya mnyama aliyedungwa hayapaswi kuuzwa kabla siku zilizoandikwa kwenye chupa hazijaisha.

Nasi tulio wateja, tuna maswali manne ya kuuliza kabla ya kutoa pesa: Hii inatibu nini? Naila siku ngapi? Naila na nini? Ni nani asiyefaa kuila? Muuzaji akishindwa kuyajibu, ondoka, tafuta mwenye kuyajua.