Ruzuku ya 2002 haiwezi kubeba sera ya leo

Kila Januari wazazi wenye watoto katika shule za msingi za umma hupokea orodha ileile: rimu ya karatasi, ufagio, fedha ya mlinzi, fedha ya uji, fedha ya mitihani ya majaribio. Walimu wakuu nao hupokea onyo lilelile, kwamba elimu ni bila malipo na atakayemrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya mchango atawajibishwa. Januari 2018 onyo hilo lilitoka kwa Rais John Magufuli mwenyewe. Michango haikukoma. Ilibadilisha jina tu, na mara nyingine mkusanyaji.

Kujua sababu hakuhitaji tume. Ada ya shule za msingi ilipofutwa chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), Serikali iliahidi kuifidia kwa ruzuku ya dola 10 za Marekani kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Kwa thamani ya 2002, hiyo ilikuwa takribani Sh10,000. Elimu bila malipo ilipotangazwa hadi kidato cha nne, kuanzia Januari 2016, kiwango cha shule za msingi kilikuwa hichohicho. Bado hakijasogea, ingawa Sh10,000 leo haifikii hata nusu ya dola zile 10.

Hata hiyo haifiki shuleni yote. Sh4,000 hutengwa kwa ajili ya vitabu. Zinazobaki ni Sh6,000, yaani Sh500 kwa mwezi kwa kila mtoto. Shule yenye wanafunzi 800 inapata Sh400,000 kwa mwezi. Humo mwalimu mkuu anunue chaki, achapishe mitihani, azibe paa linalovuja, anunue mpira na dawa za huduma ya kwanza, na alipe maji. Akiajiri mlinzi, hesabu imekwisha. Kumtishia mtu huyu kwa kuomba rimu ni kumwadhibu kwa upungufu ulioidhinishwa Dodoma.

Anayeumia zaidi si mzazi wa mjini, ambaye analalamika na hatimaye analipa. Shule ambayo wazazi wake wana mishahara huziba pengo kwa kikao kimoja: mwalimu wa kujitolea analipwa, mashine ya kudurufu inanunuliwa, darasa la saba linapata mitihani kila mwezi. Shule ya kijijini, ambako fedha huonekana baada ya mavuno tu, haina pa kukimbilia. Mtihani huandikwa ubaoni na watoto huunakili kabla ya kuanza kuujibu. Mwisho wa mwaka shule zote mbili hupangwa katika orodha moja ya ufaulu, na ya pili huitwa shule inayofanya vibaya. Ruzuku iliyo sawa kwa wote, katika mazingira haya, ndiyo inayozalisha tofauti.

Sasa Serikali imejiongezea mzigo. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, inafanya elimu ya lazima kuwa miaka 10 na kupunguza shule ya msingi hadi miaka sita. Kwa sababu hiyo darasa la sita na la saba yatamaliza pamoja mwaka 2027, na kidato cha kwanza cha 2028 kitapokea makundi mawili kwa mpigo. Tarehe hiyo imejulikana tangu mtaala mpya ulipoanza kufundishwa 2024. Hakuna ofisi itakayokuwa na haki ya kusema ilishtukizwa.

Wizara ya Fedha ipandishe ruzuku katika bajeti ijayo na kuifunga na mfumuko wa bei, ili isisubiri tena hisani ya waziri. TAMISEMI iweke fungu la ziada kwa shule za vijijini na zile zenye msongamano, badala ya kugawa kwa idadi ya vichwa peke yake. Kila halmashauri ibandike kwenye mbao za matangazo za shule kiasi kilichoingia na tarehe kilipoingia. Mzazi akishaona takwimu hizo atajua amuulize nani. Wabunge, ambao huzungumzia michango kila wanaporudi majimboni, ndio wanaopitisha bajeti hii. Wasiipitishe mpaka waelezwe Sh500 kwa mwezi imekokotolewa vipi.