Kufanana Peke Yake si Uthibitisho

Protini ni mnyororo wa asidi amino. Aina za asidi hizo ni 20, na mpangilio wake ndio unaoamua kama protini itasafirisha oksijeni, itameng'enya chakula au itapambana na vijidudu. Siku hizi kusoma mpangilio huo ni rahisi. Kujua protini inafanya kazi gani ndiko kugumu, maana majaribio ya maabara kwa protini moja yanaweza kuchukua miaka.

Ndiyo maana kompyuta zimepewa kazi ya kubashiri. Programu ya BLAST, iliyotangazwa mwaka 1990, hulinganisha protini isiyojulikana na zile zinazojulikana. Zikifanana sana, huhesabiwa kuwa za ukoo mmoja, na ile ngeni huandikiwa kazi ya ndugu yake. Tunaithamini njia hii. Bila hiyo tungebaki gizani.

Hata hivyo, somo la mantiki linatufundisha kwamba kufanana peke yake si uthibitisho. Mtoto wa seremala si lazima awe seremala. Tena, ubashiri ukishaingizwa katika hifadhidata, kesho hutumika kubashiria protini nyingine. Kosa moja huzaa mengi, na kila nakala huonekana kama shahidi mpya. Utafiti wa mwaka 2009 ulikuta makosa mengi ya vimeng'enya katika hifadhidata kubwa za umma zinazojazwa na kompyuta, lakini machache mno katika Swiss-Prot, inayokaguliwa na wataalamu.

Jambo hili linatuhusu. Mwaka 2002 wanasayansi walipotangaza jenomu ya kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, walihesabu jeni zipatazo 5,300. Takriban asilimia 60 ya protini zake hazikufanana vya kutosha na nyingine yoyote hata kazi yake ikabashiriwa. Kati ya hizo huenda imo inayofaa kulengwa na dawa mpya. Sisi tunaojiandaa kwenda vijijini, ambako watoto bado wanazikwa kwa malaria, hatuwezi kuliona hilo kuwa dogo.

Tunasema basi: ubashiri uitwe ubashiri, na kila maelezo yaonyeshe kama yametoka maabara au kwenye kompyuta. Vyuo vyetu navyo visiwafundishe vijana kompyuta peke yake vikaacha maabara zikose vifaa. Mwenye kukiri kwamba bado hajui ataendelea kutafuta. Aliyejaza jibu la kukisia ameshaacha.