Mikoko ya Gazi ni ya nani?

Kila nikikutana na waandaaji programu wenzangu wanaotaka "kuokoa mazingira", wazo ni lile lile: tuunde programu ya simu, tuweke ramani, tutafute wafadhili. Jamani, hebu tutazame Gazi kwanza.

Gazi na Makongeni, kule Kwale, wanakijiji wanaendesha mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013. Wanalinda hekta 117 za mikoko, na kaboni inayozuiliwa humo, takriban tani 3,000 kwa mwaka, huuzwa ng'ambo. Pesa zimeleta maji na vitabu vya shule. Wamepanda pia mivinje, watu wapate nguzo za kujengea bila kugusa mikoko. Na kupima mti? Utepe, kalamu na daftari. Inakwenda.

Kinachonikera ni kingine. Ripoti za kila mwaka huandikwa kwa Kiingereza na kuwekwa kwenye tovuti ya Plan Vivo, shirika la Uskoti linalotoa cheti. Mvuvi mwenye simu ya mulika mwizi atazisomea wapi? Tope analikanyaga yeye. (Ndiyo, mabaraza yapo, lakini maneno ya barazani hayahifadhiki mfukoni.)

Hapo ndipo tungefaa. Ujumbe mfupi, kwa Kiswahili: tani zilizouzwa, bei, pesa zilizoingia, zilikokwenda. Ni kazi ya wikendi chache tu, bila ramani wala mfadhili. Mimi ningeanza na bei, maana anayejua bei ya tani ndiye anayeweza kuikataa.