Hongo ya Njiani na Mkopo wa Kijana wa Puge

Neno hongo lina ukoo mrefu katika njia hii yetu. Misafara iliyotoka Bagamoyo kuja Unyanyembe, yaani Tabora yetu, ilipokatiza Ugogo ilitoa hongo kwa watemi: nguo, shanga, waya. Ilitolewa mchana, ikahesabiwa mbele ya watu, na aliyeipokea aliwaachia wasafiri njia na maji. Leo jina ni lilelile, lakini hutolewa gizani, na mlalahoi hapishwi popote.

Nimeyakumbuka hayo nikiwa Puge, wilayani Nzega, pembeni ya lami iendayo Tabora. Kijana muuza karanga alinifungulia bahasha ya kaki anayoitunza chini ya godoro. Ndani mlikuwa na katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao wenye muhuri wa mtendaji, na picha ndogo za wanachama watano zilizoanza kugandana kwa joto. Walitaka mkopo wa halmashauri wanunue mashine ya kukamua alizeti. Makaratasi yalikamilika mapema mwaka 2023. Aprili ya mwaka huohuo Serikali ikasimamisha mikopo ya halmashauri nchi nzima.

Sheria ya mikopo hiyo ni njema, nami naitetea. Tangu 2018 kila halmashauri imetakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ugonjwa uko kwingine. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilitaja vikundi hewa, mikopo isiyorejeshwa, na halmashauri zisizotenga fungu kamili. Ndugu zangu, kikundi hewa hakijiandikishi chenyewe. Yupo aliyekitungia jina, yupo aliyekigongea muhuri, yupo aliyeidhinisha malipo. Hao ndio wa kuulizwa. Lakini fungu lilipofungwa, aliyekaa njaa ni mwenye bahasha ya kaki.

Mikopo ilirejea 2024. Halmashauri 10 zikawekwa kwenye majaribio ya kupitishia fedha benki, na nyingine zikaendelea na utaratibu uliorekebishwa. Ni hatua, siibezi. Hata hivyo karani wa benki aliye mjini hawezi kujua kama mtu fulani wa kitongoji fulani yuko hai, ana shamba, au ameajiriwa serikalini. Ajuaye ni jirani.

Tuwatazame wenzetu wa Kenya. Mwaka 2015 iliibuka kashfa ya shilingi za Kenya milioni 791 katika Huduma ya Vijana kwa Taifa. Wakubwa wakaondoka, ahadi za usafi zikatolewa. Mei 2018 makumi ya watu, maofisa na wafanyabiashara, wakapandishwa kizimbani kwa kashfa nyingine ya shirika lilelile. Viti vilipata watu wapya, ila hati za malipo ziliendelea kupita mahali ambapo kijana aliyelengwa hazioni.

Babu zetu Wanyamwezi walibeba karibu frasila mbili kila mmoja kutoka pwani hadi huku. Mpagazi aliujua uzito wa mzigo wake, na mwenzake aliyemfuata nyuma aliuona begani. Mzigo wa fedha za vijana nao uonekane hivyo, tangu unapotoka kwenye mapato ya halmashauri hadi unapotua kijijini.

Vijana wa Puge, acheni kunung'unika kijiweni. Mkutano mkuu wa kijiji, kwa sheria, hukutana kila baada ya miezi mitatu, na kila mtu mzima mkazi wa kijiji ana haki ya kuwamo. Nendeni wote. Ombeni majina ya vikundi vilivyokopeshwa yasomwe kwa sauti, jina la mwanachama mmojammoja, pamoja na kiasi alichopata, kisha karatasi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Mliokopa mkalipa, simameni mwonekane. Mliokopa mkala, rudisheni, maana fungu hilo ndilo linalomngoja mwenzenu. Na likisomwa jina lisilo na mwenyewe, semeni palepale, mbele ya mtendaji na diwani: huyu hapa kwetu hatumjui.