Kutoka Kwanza si Sifa

Wenzangu wengi humsifu mtu atokaye kwanza katika chumba cha mtihani. Mimi sikubaliani nao, na sababu ninayo. Katika jaribio la Jiografia muhula huu tuliulizwa saa ya mji ulio nyuzi 30 magharibi ya kwetu. Kila nyuzi 15 ni saa moja, nalijua sana jambo hilo. Lakini nilijumlisha saa mbili badala ya kutoa. Nami ni mtoto wa Tunduma! Kwetu ikiwa saa mbili asubuhi, ng'ambo ya mpaka, Nakonde, ni saa moja. Hata mtoto anayetumwa dukani hulijua hilo. Nilitoka mapema, nikicheka.

Basi makosa haya si ya ujinga, wala dawa yake si kukesha na vitabu. Wabadili fedha wa mpakani huhesabu kwacha mara ya pili kabla hazijawatoka mkononi, ingawa kazi wameizoea. Nasi yafaa tubakize robo saa, tusome tena swali kwanza, ndipo jibu. Maana asomaye jibu peke yake huliona zuri tu. Novemba, katika Mtihani wa Taifa, mimi nitakaa kitini mpaka kengele ilie. Watakaocheka na wacheke.