Lukiiko ilikuwa na viti 21, jeshi lina 10

SAFU YA MTAZAMO
Na Eliamani Kaaya, Themi

Katiba ya uhuru wa Uganda ya mwaka 1962 iliiruhusu Lukiiko, baraza la ufalme wa Buganda, kuchagua wabunge 21 wa Bunge la taifa. Leo Lukiiko haichagui hata mmoja. Jeshi lina wabunge 10.

Nimesikia ikidaiwa kwamba mwaka 1966 Bunge lilimshinda Kabaka, mfalme wa Buganda. Si kweli. Bunge ndilo lililopigwa kwanza. Februari mwaka huo wabunge, karibu wote kwa sauti moja, walitaka Kanali Idi Amin achunguzwe kuhusu tuhuma za magendo ya dhahabu ya Kongo. Kabla mwezi haujaisha, Waziri Mkuu Milton Obote alikuwa amewakamata mawaziri wake watano na kuisimamisha katiba. Aprili 15 wabunge wakapitisha katiba mpya wasiyoisoma, askari wamelizunguka jengo. Nakala, waliambiwa, wangezikuta kwenye visanduku vyao vya barua. Mei 24 ndipo Amin aliposhambulia kasri la Kabaka, Mengo. Kabaka Mutesa II akaruka ukuta, akakimbilia London, akafia huko mwaka 1969. Falme zilifutwa 1967.

Kwa hiyo mfalme alipoangushwa, mamlaka yake hayakwenda kwa wabunge. Yalikwenda kwa aliyekuwa na askari, na miaka mitano baadaye askari mwenyewe akayachukua.

Vita vya msituni vya 1981 hadi 1986 vilipiganwa zaidi Luwero, ndani ya Buganda, na Waganda walizika watu wengi mno. Malipo yao? Julai 31, 1993 Ronald Mutebi alitawazwa kuwa Kabaka, lakini ibara ya 246 ya katiba ya 1995 ikamkataza siasa za vyama na madaraka ya kutunga sheria. Kiti kilirudi, nguvu hazikurudi. Nalo Bunge, Septemba 2017, liliingiliwa na watu wa usalama waliowaburuta wabunge nje ya ukumbi kwa sababu walipinga kuondolewa kwa ukomo wa umri wa rais.

Kwetu Meru, hapa Tanzania, mangi, yaani chifu, alipoteza utawala kwa sheria ya 1963, bila risasi. Hilo ni jambo la kujivunia, ingawa miaka miwili baadaye Bunge letu nalo likawa la chama kimoja.

Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao yake hapa Arusha, inaandaa katiba ya muungano wa kisiasa. Nawaomba wanaoiandika: katika Bunge la muungano huo, asitengewe kiti mtu yeyote aliyevaa gwanda.